Maswali yenu wiki hii: piano, okestra na hicho kitufe cha transpozi

Meseji ni nyingi na nusu yake zinauliza kitu kilekile, kwahiyo nimechagua chache. Ambaye sijamjibu asome hizi kwanza, huenda jibu lake liko humu.

"Mwalimu, nimeona klipu jamaa anapiga piano na hapohapo anaongoza okestra nzima, piano haina mfuniko na yeye kawapa watu mgongo. Mikono miwili inafanyaje kazi mbili?" (Igoma)

Swali zuri, wala hilo jambo halijaanza jana. Mozart alikuwa anakaa kwenye kinanda anapiga mwenyewe koncheto zake (muziki wa ala moja inayoongoza, hapa piano, pamoja na okestra) na okestra inamfuata yeye. Ile namba 20 ilipigwa mara ya kwanza Vienna Februari 1785, na baba yake aliandika kwenye barua kwamba alipofika alikuta mnakili bado anakopi karatasi za wanamuziki, Mozart mwenyewe hata hajapata muda wa kuipitia sehemu ya mwisho. Na wakapiga.

Mfuniko unatolewa ili wanamuziki wamwone uso, na piano inageuzwa mkia uingie katikati ya okestra, ndo maana mgongo unabaki kwa watu. Irudie hiyo klipu uangalie vizuri: mwanzoni okestra inapiga peke yake dakika mbili tatu, hapo jamaa ana mikono yote, anaongoza kama kondakta mwingine yeyote. Akishaingia kwenye kii anaongoza kwa kichwa, kwa nyusi, kwa pumzi anayovuta kabla ya nota, na mkono wowote uliopata pumziko hata la sekunde moja unanyanyuka. Vidole vikijaa pande zote mbili basi yule wa violin anayekaa kiti cha kwanza ndo anawabeba wenzake. Alafu kazi kubwa ilishaisha mazoezini, mnachokiona jukwaani ni matokeo tu. Ndo maana utaiona zaidi kwenye Mozart na Beethoven ambapo okestra si kubwa sana, Daniel Barenboim na Mitsuko Uchida wamefanya hivyo miaka na miaka. Leonard Bernstein yeye alikuwa anafanya hivyo hata kwenye koncheto ya G ya mtunzi Ravel, na ile si ya kitoto. Ukija kwenye koncheto za mtunzi Rachmaninov wengi wanatafuta mtu wa kuongoza wabaki na piano yao.

Sasa msiende kujaribu Jumapili na kwaya ambayo besi hawajajua wimbo.

"Kondakta ana kazi gani kama kila mtu ana karatasi yake?" (wengi, tena kila wiki)

Nenda mazoezi ya kwaya yoyote siku ambayo mwalimu amechelewa, kaa nyuma, sikiliza.

"Mimi napiga kinanda kanisani, natumia transpozi kwa sababu nimezoea C. Natamani siku moja niongoze okestra. Kuna ubaya?" (Sengerema)

Upo, na mkubwa, mdogo wangu. Kwa wasiojua, transpozi ni kitufe kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda chote wakati vidole vyako vinabaki palepale. Nilikuwa kwenye harusi moja hapa mjini, sitataja kanisa, mpiga kinanda alikuwa amepandisha transpozi kwa ajili ya wimbo wa maandamano, ukaisha, akasahau kurudisha sifuri. Wimbo uliofuata soprano wakaanza juu, mstari wa pili wakawa wanapiga kelele, mstari wa tatu wakanyamaza, wakabaki waimbaji wawili wa sauti ya tena na bibi harusi amesimama katikati hajui aende au asubiri. Mpiga kinanda anaangalia kinanda kana kwamba kimemsaliti, kumbe skrini inamwonyesha namba kubwa kabisa hapo mbele yake.

Lakini hiyo ndo shida ndogo. Wewe unataka kuongoza okestra, si ndiyo? Basi fungua karatasi ya kondakta uone. Ukurasa mmoja una mistari kumi, kumi na tano, ishirini, yote inasomwa kwa wakati mmoja. Klarineti ya B flati imeandikiwa C lakini inayosikika ni B flati. Honi ya F imeandikiwa C, inatoka F ya chini yake. Viola ina klefu yake (alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha nota zinasomwaje) ambayo wapiga kinanda wengi hawajawahi kuiona. Kondakta anayahamisha yote hayo kichwani, papo hapo, akisikia honi wa pili kakosea anamwambia nota gani, na hamna kitufe. Mpiga piano aliyefundishwa vizuri anaichukua karatasi hiyohiyo anaikusanya kwenye vidole kumi, na ndo njia ambayo makondakta wengi wakubwa wamepitia. Georg Solti alianza opera ya Budapest akiwapigia waimbaji piano ya mazoezi, miaka kadhaa, mpaka 1938 ndo akapewa fimbo usiku mmoja. Vita ikamkuta Uswisi, kazi ya kuongoza hapati, akarudi kwenye piano akashinda mashindano ya Geneva 1942. Baadae akaongoza okestra ya Chicago kuanzia 1969 hadi 1991, na aliyempokea kiti ni Barenboim, mpiga piano mwingine.

Kwahiyo anza na D flati kesho asubuhi. Kii nyeusi haziumi. Wimbo mmoja wa misa, uhamishe kwa mikono yako uupige ukianzia kila nota kati ya zote 12, ukimaliza niandikie tena.

"Nina miaka 27, nimeanza piano mwaka jana. Naweza kuwa konseti pianisti, yaani mpiga piano wa maonyesho makubwa?" (Nyegezi)

Wa kimataifa, hapana. Mashindano ya Chopin kule Warsaw mwisho miaka 30, na unaoshindana nao walianza wakiwa hawajang'oa meno, Barenboim alipiga mbele ya watu Buenos Aires akiwa na miaka 7. Kuwa mpiga piano mzuri, mwalimu, msindikizaji wa waimbaji, hilo linawezekana kabisa na huku kanda ya ziwa wanahitajika kweli. Ukiwa na nia ya kusoma rasmi, Chuo Kikuu cha Makumira kule Arusha wana digrii ya muziki, uliza masharti yao usiniulize mimi ada.

"Nikipiga masaa manne vidole viwili vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, vinajikunja. Natumia dawa ya kuchua." (Musoma)

Dada, acha kupiga leo. Leo. Usipake kitu alafu uendelee. Leon Fleisher, Mmarekani, alikuwa kwenye kilele chake kabisa, miaka thelathini na kitu, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vikaanza kujikunja, na yeye akaongeza mazoezi. Kufika 1965 mkono wa kulia ukawa haufai tena jukwaani. Akageukia kufundisha, kuongoza okestra, na kupiga nyimbo za mkono wa kushoto, ikiwemo ile koncheto Ravel aliyomwandikia Paul Wittgenstein aliyepoteza mkono vitani. Ikamchukua takribani miaka thelathini kurudi kwa mikono yote miwili. Sisemi una ugonjwa wake, mimi si daktari, nasema nenda hospitali ya Bugando uonane na wa mishipa ya fahamu ukiwa bado unaweza kufunga kifungo cha shati. Na huyo anayekwambia maumivu ndo ukomavu, mwache, tafuta mwalimu mwingine.

"Piano ya parokia yetu kii zinagoma kurudi juu, kuna mtu ameshauri tuweke bakuli la maji ndani." (Bukoba)

Huyo kaangalia video ya nchi za baridi ambako hita inakausha nyumba nzima! Nyie mko pembeni ya ziwa, mvua karibu mwaka mzima, mbao na vitambaa vya ndani vishavimba kwa unyevu ndo maana kii zinabana, na mnataka kuongeza maji. Isogezeni mbali na dirisha na ukuta wa nje, muitieni fundi wa piano hata kama ni wa kutoka Nairobi, na mkipata hita ndogo ya kukaa ndani ya boksi la piano wekeni. Mafuta ya kula, mafuta ya cherehani, spreya ya kutu, vyote marufuku. Na muondoe hizo chupa za maua juu yake.

"Mwanangu ana miaka 8, nimnunulie kinanda gani?" (Kirumba)

Mama, kii 88, zenye uzito, pedeli iwepo. Kile cha 61 chenye midundo ya harusi mwachie mjomba. Stendi nunua ya chuma, meza ya plastiki itayumba na atakaa vibaya.