Imeili inaonyesha imetumwa ila wateja hawaipati

Pole ndugu, kutuma kotesheni yenye picha kutoka anwani ya domeni yako ya biashara (yenye jina la biashara yako baada ya @, siyo gmail.com) halafu mteja anasema hajaona kitu ni kupoteza hela kabisa. Kwanza cheki kama kuna ujumbe umerudi kutoka Mailer-Daemon, yaani mfumo unaokujulisha imeili ikishindwa kufika, wengi wanaupita wakidhani ni takataka kumbe ndo unasema sababu, ukiona namba 550 mara nyingi anwani haipo, umekosea herufi, ukiona 552 ni boksi la mteja limejaa au faili ni kubwa mno, Gmail mwisho wake MB 25 kwahiyo zile picha zako punguza.

Kama hakuna kilichorudi mwambie mteja aangalie spamu mapema, Gmail inafuta za humo baada ya siku 30.

Ila kwa vile umesema anwani ni ya domeni yako ya biashara, mi nashuku hapo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanataka domeni inayotuma iwe na SPF au DKIM, yaani uthibitisho kwamba seva (kompyuta inayotuma imeili zako) imeruhusiwa kutuma kwa jina lako, bila hivyo imeili inakataliwa au inatupwa spamu hata kama we ni mtu safi kabisa. Fundi wako aziweke kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni yako, ni mistari ya maandishi tu, asikuzungushe. Akimaliza jitumie imeili kwenye Gmail, ifungue, bonyeza "Show original" kwenye kompyuta, SPF na DKIM zote ziandike PASS.