Tumbo Moja, Kinga Mbili: Maswali Yenu Kuhusu Virusi na Saratani

SWALI: Shikamoo Daktari. Mdogo wangu wa kike amegunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi akiwa na miaka 41. Mimi mwaka jana nilipimwa nikakutwa na kirusi cha HPV, lakini mwaka huu niliporudi hakikuonekana tena. Sisi ni baba mmoja, mama mmoja. Baadhi ya ndugu wanasema ugonjwa huu ni wa ukoo, wengine wanamsema vibaya kuhusu tabia yake. Nani yuko sahihi? Nina binti wa miaka 13 na ninamhofia.
Mama wa watoto watatu, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa kuuguliwa. Nianze na hilo la tabia, kwa kuwa ndilo linalomuumiza mgonjwa bure. HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, huambukizwa kwa kujamiiana, na imeenea kiasi kwamba hata mwanamke aliyekuwa na mume mmoja tu maisha yake yote anaweza kuipata. Wewe mwenyewe uliipata. Kilichowatenganisha ninyi wawili ni yale yaliyofuata baada ya kirusi kuingia.

Katika kila wanawake kumi wanaoambukizwa, takriban tisa hukiondoa kirusi hiki ndani ya miaka miwili bila dawa yoyote. Anayebaki nacho hakufanya kosa lolote. HPV hukaa katika tabaka la juu la mlango wa kizazi, haiingii katika damu wala haipasui seli, kwa hiyo hakuna homa wala maumivu ya kuiamsha kinga. Ukienda soko la Mbuyuni utamkuta muuza mchele ameweka kiganja cha mchele kwenye sahani juu ya gunia, ili mnunuzi ajue kilichomo bila gunia kufunguliwa. Seli zetu hufanya vivyo hivyo: huweka nje vipande vidogo vya protini zinazotengenezwa ndani yake, na askari wa damu waitwao seli T hupita wakikagua, kisha huiua seli yoyote watakayoikuta na kipande cha kirusi. Sahani hizo hutengenezwa kwa maagizo ya jeni ziitwazo HLA, zilizo katika kromosomu ya 6, nazo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Sahani za mmoja huvishika barabara vipande vya HPV, za mwingine huviacha vikadondoka, na askari akapita asione kitu.

Kila mtoto hupokea fungu moja la jeni hizo kutoka kwa baba na jingine kutoka kwa mama. Ndugu wawili wa tumbo moja wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mafungu yote mawili yaleyale, na nafasi moja kati ya nne ya kutofanana hata fungu moja. Kwa hiyo wanaosema ni ugonjwa wa ukoo wameushika ukweli kwa ncha tu. Mtu hurithi sehemu ya uwezo wa kukitambua kirusi. Saratani yenyewe hairithiwi, na karibu visa vyote vya saratani hii visingetokea pasipo HPV, jambo ambalo Harald zur Hausen wa Ujerumani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuligundua. Yapo mambo yenye uzito kuliko urithi: mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita zaidi, kwa sababu VVU hupunguza seli T hizohizo.

Kirusi kinapobaki, protini zake mbili huziharibu protini za mwili zinazozuia seli kugawanyika ovyo. Kwa kawaida kazi hiyo mbaya huchukua miaka 15 hadi 20, na ndani ya muda huo ndipo kipimo cha siki kinapookoa maisha. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na mahali penye seli zilizoanza kubadilika hugeuka peupe mbele ya macho yake. Nawe usiache kupimwa kwa ratiba uliyopewa, maana kirusi kisichoonekana huenda kimejificha tu.

Binti yako mpeleke akachanjwe. Mkoa wenu wa Kilimanjaro ndio uliotangulia kwa majaribio mwaka 2014, nchi nzima ikafuata mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hutengeneza kingamwili zinazokikamata kirusi kabla hakijaingia katika seli, kwa hiyo askari wa sahani hawasubiriwi.

SWALI: Daktari, nilikwenda kuchangia damu nikaambiwa nina homa ya ini aina ya B. Kaka yangu aliugua ugonjwa huohuo ukubwani, macho yakawa ya njano, akapona kabisa. Mimi sijawahi kuumwa. Je, kinga yangu ni bora kuliko yake?
Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Ndugu yangu, ni kinyume chake. Kirusi hiki chenyewe hakiliumizi sana ini. Kinachoijeruhi seli ya ini ni kinga inapoishambulia ili kukitoa. Manjano ya kaka yako yalikuwa alama ya vita aliyoshinda, kama wanavyoshinda zaidi ya watu wazima 95 katika 100. Mtoto mchanga akiambukizwa, kinga yake changa hukizoea, na takriban tisa kati ya kumi hubaki nacho. Yaelekea wewe ulikipata utotoni. Kukaa nacho kimya kwa miaka mingi kunaweza kuleta ini kusinyaa au saratani, hivyo usisubiri dalili: pima wingi wa virusi na hali ya ini, uambiwe kama unahitaji dawa sasa. Mkeo na watoto wapimwe wiki hii, na asiyekuwa nacho wala kinga dhidi yake apewe chanjo.