Mwanangu Anamwita Kondoo Mbuzi

SWALI: Shikamoo Bibi Mwalimu. Mwanangu ana miaka 5, yuko darasa la awali. Juzi karudi na daftari limejaa alama za kukosa: kila kondoo kamwita mbuzi. Nimembandikia bango la wanyama ukutani, kila jioni tunakariri, bado anachanganya. Nimnunulie wanyama wa plastiki?
Mama wa Gongo la Mboto, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela ya plastiki iweke kwanza. Litazame bango lako: kondoo wake ni mweupe, wa mviringo, kajaa sufu kama godoro lililopasuka? Huyo ni kondoo wa Ulaya. Kondoo wetu wa Kimasai ana manyoya mafupi, mara nyingi rangi ya udongo mwekundu, na ukimpitia haraka utamdhania mbuzi. Mtoto hajakosa akili. Mnyama wa ukutani na wa mtaani hawafanani, naye hajaambiwa.

Hili nilifundishwa na mwanafunzi. Nilikuwa nafundisha awali Kongwa, na bango kama hilo hilo. Mtoto mmoja wa wafugaji akalitazama, akasema, "Mwalimu, huyu simjui." Akanishika mkono hadi nje, kundi lilikuwa linapita. "Mbuzi mkia wake unasimama. Wa kondoo unaning'inia, una mafuta." Tangu siku ile somo la wanyama nililianzia nje.

Nawe anza na mkia. Mtafute jirani anayefuga, muombe ruhusa, msimame kando dakika 10 tu. Jibu usimpe; muulize, "Mkia wa huyu umeelekea wapi?" Siku nyingine watazameni wakila: mbuzi hupenda kusimama kwa miguu ya nyuma avute majani ya mti, kondoo huinamia nyasi. Jambo moja kwa siku moja, nakusihi. Wazazi wengi humwaga mkia, ndevu, pembe na sauti kwa mkupuo, mtoto akabaki na maneno matupu mdomoni.

Nyumbani chezeni nyayo. Huu ndio mchezo niupendao kuliko yote. Nenda buchani uombe mguu mmoja wa ng'ombe na mmoja wa mbuzi, wenye kwato zake bado; miguu ya kuku unajua inakouzwa. Ioshe vizuri. Tandaza udongo laini uliolowa kwenye sinia, mtoto aikandamize mmoja mmoja, kisha afumbe macho apapase mashimo kwa kidole. Wa ng'ombe na wa mbuzi yote imepasuka pande mbili, ila ukubwa mbalimbali. Kuku anaacha vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Mkikutana na punda wa mkokoteni, mwonyeshe kwa mbali, tena msimkaribie kwa nyuma maana anapiga teke: ukwato wake ni mzima, haukupasuka. Mwache aseme mwenyewe nani "mkubwa kuliko" nani, na nani "sawa na" nani. Utashangaa maneno hayo yanavyomtoka akiwa na tope vidoleni, wakati kwenye daftari yalikuwa yanamkwama.

Mchezo ukiisha, mikono kwa sabuni, yake na yako. Na akimgusa mnyama vilevile.

Udongo uliobaki usiutupe. Mpe afinyange mbuzi wake na kondoo wake. Miguu ikiwa mitatu usimrekebishe, wala usicheke. Wewe tazama mkia kauelekeza wapi. Akiupatia, waache wakauke kivulini, kisha awapeleke shuleni mwenyewe kwenye boksi. Uende naye asubuhi hiyo, umwambie mwalimu wake kwa upole kwamba kondoo anayemjua mwanao hana sufu, na umuombe amsikilize mtoto akieleza mikia.