Usiandike "Tasa" Mapema

Jana usiku mwanafunzi wa kidato cha tatu ameniandikia kuhusu namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe: "Kaka, namba yangu nimeigawanya kwa namba tasa zote hadi 300, imekataa. Niandike ni tasa?"

Ujumbe huo ungeweza kuwa wangu.

Nikiwa kidato cha tano, mwalimu aliandika ubaoni 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Akatupa wikiendi nzima tujue kama ni tasa. Nikagawanya kwa 3, 7, 11, 13, kurasa kwa kurasa. Jumapili usiku nikafika 487, namba tasa ya 93. Vidole vinauma. Nikajiambia, Fermat mwenyewe, bingwa wa hisabati wa karne ya 17, aliamini ni tasa. Mimi nani nibishe? Nikaandika TASA, nikapiga mstari.

Jumatatu daftari langu liliinuliwa mbele ya darasa zima. Kicheko kile bado nakisikia. Jibu: 641 mara 6,700,417, hakuna baki. Nilikuwa nimebakiza namba tasa 23 tu!

Kilichonichoma zaidi ni msichana wa dawati la mbele. Aligawanya mara tano. Alishasoma kwamba mwanahisabati Euler, aliyekipata kigawo hicho mwaka 1732, alithibitisha kuwa kila kigawo tasa cha namba hii ni kigawe cha 64 ukiongeza 1. Kwa hiyo akajaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641. Kwisha.

Leo mimi ndiye ninayeshika chaki, na wanafunzi wangu nawaambia kila mwaka: chunguzeni namba kabla ya kuigawanya. Ulizeni imejengwaje. Jina kubwa si uthibitisho. Uchovu si uthibitisho. Narudia, chunguzeni kwanza! Tazameni 641 yenyewe: ni 5×128+1, tena ni 625+16. Kwa hiyo, ukihesabu kwa mabaki ya 641, yaani kila 641 ukiihesabu sifuri, 5×128 ni −1, na 625 ni −16. 128 ni 2 kwa kipeo cha 7, basi pandisha 5×128 kwa kipeo cha 4: 625 mara 2 kwa kipeo cha 28 ni 1. Weka −16 mahali pa 625; 16 ni 2 kwa kipeo cha 4, hivyo 2 kwa kipeo cha 32 inakuwa −1. Ongeza 1, unapata sifuri, yaani 641 inaigawanya bila baki. Hukugawanya hata mara moja. Mimi nilimaliza kalamu mbili.

Mdogo wangu uliyeniandikia: kama namba yako haizidi 90,000, ambayo ni 300 mara 300, andika tasa bila woga: isingekuwa tasa, ingekuwa na kigawo tasa kisichozidi 300. Ikizidi, rudi kwenye daftari.