Huna gari, lakini mafuta yamo kwenye bajeti yako

Mleta mada anauliza inakuwaje kila bei ya mafuta inapopanda matumizi ya nyumbani kwake yanavurugika, ilhali hana gari wala pikipiki. Nimeandika matumizi ya familia yangu kwenye daftari kwa miaka kadhaa, na nijuavyo mimi, sehemu kubwa ya mafuta tunayoyalipia hatuyanunui kituoni, bali tunayanunua ndani ya nauli na bidhaa.

Dizeli ndiyo inayoendesha malori na matrekta, kwa hiyo bei yake ikipanda, gharama huongezeka katika kila hatua kati ya shamba na duka. Vitu vizito vya bei ndogo, kama maji ya chupa na saruji, huguswa zaidi, kwa kuwa usafiri ni sehemu kubwa ya bei yake. Bei ya chakula huchelewa kidogo kupanda. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa kutumia gesi asilia, ambayo nayo hupanda katika misukosuko kama ile ya mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, na mkulima aliyenunua mbolea ghali hufidia gharama hiyo anapouza mavuno, wakati ambapo wengi wameshaacha kuzungumzia mafuta.

Kwa upande wa mazoea, kinachopungua kwanza si safari, maana kazini na shuleni ni lazima watu waende. Hupungua akiba, nguo, na matengenezo yanayoweza kuahirishwa, hata yale ambayo kuyaahirisha ni hasara, kwani gari lenye tairi zisizo na upepo wa kutosha hunywa mafuta zaidi.

Namna ya kununua nayo hubadilika. Sisi tulikuwa tukijaza tangi. Bei ilipopanda tukaanza kutaja kiasi cha fedha, kilekile kila wiki, na kwenye daftari ikaonekana kana kwamba hakuna kilichobadilika. Lita ndizo zilizopungua. Mshale wa geji ukawa unafika chini kabla ya wiki kwisha, na fedha ya kuongezea ilitoka kwenye fungu la chakula bila kuandikwa popote kuwa ni mafuta. Siku hizi naandika lita pamoja na fedha, na kwenye sabuni naandika gramu, kwa sababu kuna pakiti ambazo bei yake haijaguswa lakini uzito umepunguzwa.

Kununua kwa jumla ili kupunguza safari hakujanishawishi sana, kwani fedha hulala stoo na baadhi ya vitu huharibika. Kuunganisha shughuli kadhaa katika safari moja kumenisaidia zaidi, na kwa asiye na gari hapo ndipo pa kuanzia, maana nauli ikishapanda ni nadra kushuka hata mafuta yakishuka.