Guangzhou mwezi wa tatu: funga madirisha

Mwenzetu ameuliza: anahamia Guangzhou, kusini mwa China, mwezi wa pili, joto la Dar amelizoea, je, unyevu wa kule utamsumbua kweli? Utakusumbua, ndugu yangu, na kuzoea kwako Dar ndiko kutakakokuponza. Mtu wa pwani akiona chumba kina unyevu hufungua madirisha ili upepo upite. Guangzhou, kati ya mwezi wa pili na wa nne, kufanya hivyo ni kuiloweka nyumba kwa mikono yako mwenyewe.

Wenyeji wanaiita hali hiyo huinantian. Baridi ya kaskazini hukaa siku kadhaa, kuta na sakafu zikapoa hadi nyuzi 15 au 16. Kisha upepo unageuka, na hewa ya vuguvugu iliyobeba maji ya Bahari ya Kusini ya China inaingia ikiwa na nyuzi 22 hivi. Hewa ya nyuzi 22 yenye unyevu wa asilimia 90 huanza kudondosha maji ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 20. Ukuta wako una 16, kwa hiyo unatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Dar ukuta haupoi kiasi hicho, ndiyo maana jambo hili hatulijui. Maji yanatiririka ukutani, kioo cha bafuni hakionyeshi uso, na marumaru za ngazini zinateleza hadi walinzi wanatandika maboksi mlangoni. Viatu vya soli ya mpira yenye meno si anasa miezi hiyo.

Cha kwanza, nunua kipimo kidogo cha unyevu, ni rahisi sana madukani. Kikipita asilimia 70, funga madirisha na milango yote, hasa ya upande wa kusini na kusini-mashariki, wala usidanganyike na kajua ka adhuhuri. Kisha washa mashine ya kuvuta unyevu. Chumba kimoja cha kawaida kinatosheka na inayovuta lita 12 kwa siku. Nyumba nzima itake 20 au zaidi. Iweke katikati ya chumba, mbali na pazia, umwage tangi kabla hujalala, maana likijaa mashine inajizima na asubuhi unakuta sakafu imelowa tena. Lenga unyevu wa asilimia 50 hadi 60.

Wengi hutaka kiyoyozi kifanye kazi hiyo. Kitufe chenye alama ya tone la maji kinasaidia sana mwezi wa sita na wa saba, chumba kikiwa na joto. Mwezi wa tatu chumba tayari kina ubaridi, kwa hiyo kiyoyozi hujizimazima na pia huzidi kupoza kuta. Kama chako kina upande wa joto, tumia huo huku umefunga madirisha: ukuta ukipata joto, hautoki jasho. Sakafu ipanguse kwa kitambaa kikavu, usipige deki. Siku upepo wa kaskazini ukirudi na kipimo kikashuka, hapo ndipo ufungue kila kitu.

Nguo zilizoanikwa barazani wakati huo hazikauki, zinavunda. Fua chache chache, zianike kwenye chumba kidogo kilichofungwa pamoja na ile mashine. Kabati usilisogeze likagusa ukuta wa nje. Acha nafasi ya upana wa kiganja, la sivyo ukungu mweusi utaota nyuma yake na utaujua kwa harufu tu. Ndani watu huweka vile vikopo vya chembe nyeupe za kloridi ya kalisi zinazogeuka maji. Vinafaa, ila vikae chini kabisa na visimame wima: yale maji yakimwagikia mkoba au kiatu cha ngozi, ngozi inakakamaa na haitengenezeki tena.

Ukungu wa ukutani unatoka kwa jiki iliyochanganywa na maji, kipimo 1 cha jiki kwa 10 vya maji, uache dakika 15 kisha ufute. Isubiri siku kavu madirisha yakiwa wazi, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo, maana inatoa gesi ya sumu. Mkanda wa ngozi ulioota unga mweupe usiupake jiki: upige brashi kavu nje ya nyumba, uufute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, uukaushe kivulini.

Wakati wa kutafuta nyumba, epuka ghorofa ya chini, na usidharau rangi iliyovimba ukutani. Vile vichochoro vya karibu na Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, ambako majengo yamebanana hadi jua halifiki dirishani, bei yake inavutia lakini godoro lako ndilo litakalolipa.

Mengine kwa ufupi. Jioni za mvua mwezi wa nne na wa tano kumbikumbi huvamia taa. Zima taa, funga dirisha, weka beseni la maji chini ya taa moja. Mbu ni wa kuchukuliwa kwa uzito: mwaka 2014 mkoa wa Guangdong ulipata wagonjwa wa dengi zaidi ya 40,000, na mwaka 2025 Foshan, mji jirani, ilikumbwa na chikungunya. Mwaga maji ya visahani vya maua kila wiki. Januari, nyuzi 10 ndani ya nyumba isiyo na mfumo wa joto zinapenya mifupa, kwa hiyo beba sweta zito.

Na wale mnaokuja kwa Maonyesho ya Canton, maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yale ya kuanzia tarehe 15 Aprili: mzigo wa viatu na mikoba usiuache sakafuni mwa ghala. Uwe juu ya majukwaa ya mbao kavu (pallet), mbali na kuta, kwa sababu boksi lililovuta unyevu hulegea na safu ya juu inaiponda ya chini. Mifuko ya nailoni ifungwe siku kavu na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu viwe ndani. Ukifunga siku ya unyevu umeufungia ukungu humo humo. Mwambie wakala atundike mifuko ya kukausha hewa ndani ya kontena, na asipakie pallet zilizolowa. Njiani paa la chuma hupoa usiku, na unyevu wa zile mbao hudondokea mzigo wako kabla haujafika Mombasa au Dar.