Mtoto wa kuletwa kutoka ng'ambo nae ana arubaini yake

Salam aleikum shoga, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema mko Italia, mtoto mnayemuasili ni wa miaka sita anatoka Kolombia, mnampokea mwezi ujao halafu Desemba mnamleta Lamu aonekane na familia, na mamako ashaanza kuhesabu masufuria ya pilau ya watu mia mbili. Unauliza umwachie ama umkataze. Mimi nakwambia mkataze, kwa adabu lakini mkataze, na ntakueleza kwa nini manake hili nimelipitia na mwanzo nililikosea vibaya.

Sisi wetu tulimpata 2012, wakati huo tunaishi Bologna, binti wa miaka mitano kutoka kusini mwa Ethiopia. Ethiopia siku hizo ilikuwa wazi, 2018 ndio walifunga kabisa mambo ya watoto kuchukuliwa na wageni. Habari za mahakama ya watoto kukupa kibali, kusubiri shirika, karatasi za kumwingiza Italia, hayo unayajua na yashakutoa jasho, siyarudii. Ninachotaka kusema ni kwamba miaka mitatu watu walitufundisha namna ya kumpata mtoto na hakuna aliyetuambia kesho yake tufanye nini.

Jumapili ya kwanza tukajaza nyumba. Majirani, jamaa za mume wangu, mabaluni, midoli mpaka pa kukanyaga hapana. Na yeye akachangamka kweli, anakaa mapajani mwa huyu, anamlisha keki yule, mama mmoja wala hatumjui vizuri akamwita mamma. Watu wote wanasema mashallah amezoea haraka, na mimi nikafurahi. Sikujua kumbe mtoto aliyelelewa na wengi, leo yaya huyu kesho yule, hujifunza kumwendea yeyote mwenye mkono wa kutoa, ile si mazoea, ile ni njia yake ya kuishi. Wiki ile ile alianguka ngazini goti likapasuka, nikamwona kwa mbali. Hakulia. Hakugeuka kutafuta mtu. Alikaa chini akajifuta damu kwa pindo la gauni, akalikunja lile pindo ndani doa lisionekane, akainuka akaenda zake. Ile picha hainitoki mpaka leo.

Miezi minane baadae tukahamia nyumbani Malindi, kwa mamangu Barani. Mchana wa kwanza tumeandaa chakula, binti anazunguka sinia kutoka kwa khalti huyu hadi yule anafungua mdomo, na kila mmoja anamtia tonge na kucheka. Mamangu hakusema kitu, anaangalia tu. Usiku akaniita chumbani akaniambia, "Huyu hapa hajazaliwa bado. Mpe arubaini yake."

Nyote mnajua arubaini ya mzazi, siku arobaini ndani, mtoto hatolewi nje ovyo, mama anakandwa na anapikiwa uji wa pilipili manga. Mamangu akaifanya hivyo hivyo kwa mtoto wa miaka sita. Siku arobaini, chakula anapewa na mimi au babake tu, hata maji ya kunywa. Kuoga ni mimi, kulala ni mimi, kila jioni namfungua nywele nampaka mafuta ya nazi polepole mpaka anasinzia. Wageni wanakaa barazani, karibuni sana, kahawa ipo, lakini hakuna kumbeba wala kumpa peremende, na akija kuomba kitu jibu ni moja, nenda kwa mamako. Sasa we fikiria huku kwetu pwani, ambako mtoto ni wa mtaa mzima na jirani akimlisha wako ni mapenzi, unamwambia mtu mzima usimpe mwanangu tonge! Khalti mmoja alininunia wiki mbili. Mamangu ndio aliyebeba lawama, kila anaekuja anamwambia huyu ni mchanga bado, mngoje atoke arubaini. Na kwa lugha hiyo watu wakaelewa, manake nilipojaribu mwenyewe kueleza maneno ya wataalamu walinitazama tu.

Usije ukadhani ni dawa lakini. Siku ya arobaini ilipita akawa bado halii akiumia. Ilichukua kama miezi saba hivi tangu tuje Malindi, siku moja anakula changu akakwamwa na mwiba, nyumba imejaa watu kuna harusi ya jirani, akapiga ukelele akawapita wote mpaka nilipo uani nakuna nazi, akanishika leso kwa mikono miwili. Mwiba nilimtoa kwa donge la wali kama sote tulivyofanyiwa, yeye akaendelea kulia hata mwiba ushatoka, nami nilimwacha alie.

Chakula nacho kina habari yake. Nilianza kuona siafu kwenye kitanda, nikainua godoro nikakuta mahamri sita, mawili yameota ukungu, na kipande cha muhogo. Hasira ikanipanda kwa ule uchafu, afadhali mume wangu alikuwepo. Tukanunua kopo la bati lenye kifuniko, tukaliweka kichwani pake, kila jioni tunalijaza mbele ya macho yake, mahamri mawili na ndizi, tunamwambia hili ni lako hata usiku wa manane. Alikuwa akiamka analifungua, anahesabu, analifunga. Hali, anahesabu tu. Tulilijaza miezi minne bila kukosa mpaka siku moja nikaliona limetiwa kokwa za ubuyu na shanga. Basi mtoto wako akificha chakula usimgombeze, na usimfungie kabati.

Wewe hukusema kama una watoto wengine. Mimi nina wa kiume niliyemzaa, alikuwa na miaka minane, na nilimsahau kidogo, nasema ukweli. Kila kitu ilikuwa we mkubwa vumilia, we mkubwa mwachie. Akaanza kukojoa kitandani. Tulipokuja kushtuka, babake akawa kila alasiri anaenda nae kuvua kwenye gati, wao wawili tu, na tukaweka sheria kitanda chake na vitu vyake havichukuliwi bila yeye kukubali. Kama unae mwingine anza na hilo kabla huyu hajafika.

Lugha. Hapa ndipo roho yangu inaumia zaidi. Tulikuwa tunakimbilia ajue Kitaliano, kisha ajue Kiswahili, chake, Kioromo, hatukukishughulikia. Sasa kulikuwa na mama mmoja Muorma kutoka upande wa Garsen anakuja kuuza maziwa, na Kiorma na Kioromo cha kusini mwa Ethiopia ni ndugu kabisa. Siku hiyo yule mama kashusha madumu mlangoni, kamwona mtoto, akasema tu kottu, yaani njoo. Binti alisimama kama mti. Halafu akasema annan, akionyesha maziwa, sauti ndogo, kama anajaribu kama neno bado linafanya kazi. Yule mama akacheka akaitikia annan, annan! Kuanzia hapo kila siku ya maziwa binti alikuwa anamngoja tangu alfajiri, wanaongea wenyewe mpaka madumu yanapata moto. Wako anazungumza Kihispania, kwa Kitaliano hatapata tabu sana, lakini mkishuka gati la Lamu masikio yake yanaanza upya. Mwambie kila mtu wa nyumba ajifunze hata agua na leche, yaani maji na maziwa. Na jina lake msilibadilishe.

Kuhusu jina, mjomba alinikalisha mapema akanisomea Qurani, sura ya Al-Ahzab aya ya tano, waiteni kwa baba zao. Sheria ya Italia imempa ubini wa mume wangu na kwenye pasipoti ndio upo. Lakini Wahabeshi ni kama sisi, jina la pili ni la baba, na la babake lilikuwepo kwenye hukumu ya mahakama, kwa hiyo nyumbani na madrasa anaitwa binti wa babake aliyemzaa. Kwa sheria ya dini urithi wa moja kwa moja hana, tumemwandikia wasia ndani ya theluthi, mapema, wasije watu wakamsumbua sisi tukiwa hatupo. Kwa mlioko Kenya mnaotaka kulea yatima wa hapa hapa, sheria ya watoto ya 2022 inaitambua kafala, yaani kulea mtoto wa mwenzio kwa sheria ya Kiislamu bila kumbadili nasaba, ulizeni hiyo. Na wewe kama una uraia wa Kenya, Katiba ibara ya 15 inasema mtoto aliyeasiliwa na raia ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiombewa, usiache ikapita.

Daktari mpeleke wiki ya kwanza, choo kipimwe minyoo, kifua kiangaliwe, chanjo zihakikiwe upya hata kama karatasi zinasema amechanjwa.

Sasa Desemba. Kama tiketi hamjalipa ningesema ngojeni mwaka, mtoto ametoka Kolombia juzi na mara hii mnampandisha ndege tena, atajuaje kwamba harudishwi ama hapelekwi kwa watu wengine? Kama mshalipa, basi begi lake alifunge mwenyewe na tiketi ya kurudi mumwonyeshe, na siku za kukaa huko awe nazo kwenye kalenda azipige mstari moja moja. Mkifika mlale nyumba yenye mlango wenu, jamaa waje wawili watatu, barazani. Na mamako asivunjike moyo, mbuzi na achinje, pilau na ipikwe yote. Ila ipakuliwe kwenye sahani itolewe nyumba kwa nyumba, Langoni, Mkomani, kote, waambiwe mjukuu amefika salama na akitoka arubaini mtaitwa.